Kwenda Ulaya kwa ndugu pamoja na watoto: Juni au Desemba? Ulinganisho kwa familia za Mtwara na Lindi

Familia yenye watoto wa shule ina nafasi mbili tu kwa mwaka za kusafiri wote pamoja. Ya kwanza ni likizo ya Juni, takriban wiki ya kwanza ya Juni hadi wiki ya kwanza ya Julai. Ya pili ni ya Desemba, inayofika karibu na katikati ya Januari. Ndugu aliyeko London, Berlin au Stockholm atasema "njooni wakati wowote", na anasema kwa moyo mweupe. Lakini nyakati hizi mbili zinatofautiana kwa viza, nauli, mavazi, muda wa kukaa na wenyeji, na hata kwa shamba unaloliacha nyuma.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Familia inayoishi kwa korosho ichague Juni, isipokuwa kama ndugu wako London na lengo kubwa ni watoto kukaa na binamu zao. Familia ya ufuta, hasa ya Ruangwa, Nachingwea, Liwale au Kilwa, inaweza kuchagua Desemba bila wasiwasi. Mwenye mshahara wa kila mwezi ana uhuru zaidi, naye aamue kwa kuangalia mji anaokwenda.

Akaunti inasomwa lini

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ofisa wa viza hatazami pesa utakazokuwa nazo siku ya kupanda ndege. Anasoma taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6 iliyotangulia siku ya maombi.

Minada ya korosho huanza Oktoba na malipo huendelea kuingia hadi Desemba, wakati mwingine yanavuka mwaka. Anayetaka kuondoka Desemba 10 lazima awe ameomba viza Septemba au Oktoba, na taarifa yake itaonyesha Aprili hadi Septemba. Hiyo ndiyo miezi ya kununua salfa ya kupuliza mikorosho, kulipa vibarua wa palizi na kukopa. Akaunti iko chini kabisa, na ofisa asiyejua msimu wa kusini ataamini kwamba familia haina uwezo. Anayekwenda Juni anaomba Februari, Machi au Aprili, na taarifa yake inaanzia Oktoba au Novemba. Mkulima ni yuleyule na shamba ni lilelile, ila karatasi inasema mambo mawili tofauti.

Kwa ufuta hesabu inageuka. Minada yake huwa kati ya Mei na Julai, hivyo anayeomba Septemba kwa ajili ya Desemba ana akaunti yenye maelezo mazuri.

Kuwa na pesa peke yake hakutoshi. Kiasi kikubwa kinachoingia kwa mkupuo bila maelezo huleta shaka kwamba umeazimwa ili uonyeshe tu. Ambatanisha stakabadhi za mauzo na barua ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayotaja kilo ulizopeleka, mnada na kiasi kilicholipwa kwenye akaunti yako. Aliyeuza kwa kangomba, yaani nje ya mfumo rasmi, hana karatasi hata moja ya kuonyesha, na hilo peke yake linaweza kumwangusha. Usizitoe zote siku zilipoingia. Zikiingia leo na kutoka kesho, taarifa inasomeka kana kwamba zimepita njia tu.

Kitu cha pili anachokitafuta ofisa ni sababu ya ninyi kurudi. Hati ya kimila ya umiliki wa ardhi, barua ya mtendaji wa kijiji, leseni ya biashara, barua ya mwajiri inayotaja tarehe za likizo na barua za shule za watoto zinazotaja siku ya kufungua, zote hizo zina uzito. Zilizo kwa Kiswahili zitafsiriwe.

Shamba nalo lina kalenda yake. Juni kuelekea Julai mikorosho inaanza kutoa maua, na ndipo kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga kunapoanza. Ukiondoka bila kumwachia mtu pampu, salfa na pesa ya mafuta, utalipia safari mara ya pili Oktoba. Desemba unakwepa hilo, ila unaacha mvua za kwanza za kupandia. Anayelima ufuta asithubutu kuondoka Juni katikati ya mauzo.

Schengen na Uingereza hazifuati utaratibu mmoja

Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa, Sweden na Denmark zote ziko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu la kawaida ni ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu kuchukua hadi siku 45 faili likihitaji uchunguzi zaidi. Uingereza unaomba ndani ya miezi 3 kabla ya safari, na jibu la kawaida huchukua kama wiki 3.

Ada nayo ina tofauti kubwa kwa familia. Tangu Juni 2024 viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Uingereza haina punguzo la mtoto. Hata anayenyonya analipiwa sawa na baba yake, na ada ya viza ya miezi 6 ilipandishwa Aprili 2025 kuwa pauni 127. Kwa viwango hivyo, baba, mama, mtoto wa miaka 8 na wa miaka 4 watalipa euro 225 upande wa Schengen, na pauni 508 upande wa Uingereza. Juu yake kuna ada ya kituo cha maombi. Viwango hivi hupanda mara kwa mara, hivyo hakikisha kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa. Ukikataliwa, ada hairudi. Kwa sababu hiyo usinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya viza; peleka nafasi iliyoshikiliwa tu.

Schengen inadai bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000, pamoja na gharama za kurudishwa nyumbani. Uingereza haidai, lakini ichukueni. Mgeni akilazwa hospitali Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko.

Wote mtakwenda Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole na kukabidhi nyaraka, si Mtwara. Schengen haichukui vidole vya mtoto aliye chini ya miaka 12, na alama zilizokwisha kuchukuliwa zinatumika tena kwa miezi 59. Panga miadi ya familia nzima siku moja. Nauli ya kwenda na kurudi Dar mara mbili kwa watu wanne ni pesa ya kumnunulia mtoto koti.

Kisha kuna kazi ya mwenyeji wenu, ambayo huchelewesha safari kuliko jambo jingine lolote. Ndugu aliyeko Ujerumani anayetaka kuwadhamini huenda ofisi ya wageni ya mji wake kusaini hati ya udhamini iitwayo Verpflichtungserklärung, ada yake euro 29. Aliyeko Ufaransa huomba attestation d'accueil (cheti cha kupokea mgeni) kwenye manispaa yake kwa euro 30. Aliyeko Uholanzi hujaza fomu ya udhamini na malazi, na sahihi yake huthibitishwa manispaa. Uingereza haina fomu ya serikali: mwenyeji anaandika barua ya mwaliko na kuambatanisha uthibitisho wa ukaaji wake, mkataba wa nyumba na mapato yake. Miadi ya ofisi hizi inaweza kuchukua wiki kadhaa kupatikana, na kwa kawaida karatasi halisi hutakiwa, kwa hiyo weka na muda wa kuituma Tanzania. Kwa Juni, mwambie ndugu aanze Januari. Kwa Desemba, aanze Juni, kwa sababu Julai na Agosti watu wa ofisi hizo nao wako likizo.

Udhamini wa Ujerumani si barua ya adabu tu. Anayesaini anakubali kisheria kubeba gharama zenu, matibabu yakiwemo. Mzungumze naye na mwenza wake waziwazi kabla ya kumwomba asaini.

Angalizo la majina: pasipoti zetu mara nyingi zinafanya baba aonekane na jina moja la mwisho na mtoto na jingine, kwa kuwa kila mmoja amebeba jina la babu yake. Kwetu ni kawaida, ila ofisa anaweza kuona watu wasiohusiana. Weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na kama Hadija wa NIDA ni Khadija wa cheti, maliza hilo kwa kiapo cha wakili kabla ya kuomba pasipoti. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyothibitishwa ni ya lazima.

Binamu watakuwa nyumbani?

Familia inafika Juni 12 kwa furaha, kisha inagundua kwamba kuanzia saa 2 asubuhi nyumba ni tupu: watoto wa mwenyeji wako shuleni, yeye na mwenzake wako kazini. Likizo zetu na zao hazilingani, na kila mji una mpango wake.

| Mji | Likizo ndefu ya shule | Jua linazama Juni 21 | Jua linazama Desemba 21 |
|---|---|---|---|
| London | mwishoni mwa Julai hadi mwanzo wa Septemba | saa 3:20 usiku | saa 9:50 alasiri |
| Berlin | hubadilika kila mwaka, kuanzia Julai kwa kawaida | saa 3:30 usiku | saa 9:55 alasiri |
| Amsterdam | Julai hadi Agosti, mikoa hupokezana | saa 4:05 usiku | saa 10:30 jioni |
| Stockholm | katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti | saa 4:10 usiku | saa 8:50 mchana |

Ukiwa na ndugu Stockholm, Juni ni yenu: kuna wiki 2 hadi 3 ambazo watoto wa pande zote wako huru. London, Juni haitoi hata siku moja ya pamoja zaidi ya Jumamosi na Jumapili. Desemba miji yote minne ina likizo ya kama wiki 2 kuanzia karibu na Krismasi, na watu wazima wengi huchukua siku zao za mapumziko hapo. Kama mnapeleka bibi akamwone mwanawe aliyekaa naye mara ya mwisho miaka mingi iliyopita, muda huo wa mezani wote pamoja una thamani kuliko hali ya hewa.

Anayemaliza darasa la saba Septemba au kidato cha nne Novemba yuko huru mapema kuliko wadogo zake. Anaweza kutangulia na mzazi mmoja, na tiketi za Novemba kwa kawaida ni nafuu.

Baridi, giza na nyumba ndogo

Juni katika miji hii mtoto anahitaji sweta moja, koti jepesi la mvua na viatu vya kufunika. Kuna siku za nyuzi 15 na siku za nyuzi 25, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Usiku ni mfupi mno. Watoto hukataa kulala kwa sababu nje kunaonekana mchana. Mwombe mwenyeji atundike kitambaa kizito dirishani.

Desemba ni habari nyingine. Kila mtu anahitaji nguo ya ndani ya kubana mwili, sweta, koti lisilopitisha maji, glavu, kofia na viatu vyenye soli nene. Kosa la kawaida ni kununua koti moja nene sana na kusahau miguu, na baridi inaanzia miguuni. Masoko ya mitumba ya Mtwara na Lindi yana makoti mazito kwa bei ya chini kwa kuwa wateja wake ni wachache, lakini angalia zipu na bitana. Njia nafuu zaidi ni kumpa ndugu vipimo vya kila mtoto mwezi mmoja kabla, akusanye nguo zilizowabana watoto wa marafiki zake.

Nyumba nazo ni ndogo. Watu 8 katika nyumba ya vyumba viwili hawasikii tabu Juni, kwa sababu bustani za umma ni bure na mwanga upo hadi usiku. Desemba wote wako ndani kuanzia saa 10 jioni, na bili ya kupasha joto inapanda. Mkienda Desemba kwa zaidi ya wiki 2, changieni bili hiyo au pangeni chumba jirani kwa baadhi ya siku. Mwenyeji hatawaambia.

Kwa Waislamu, saa za sala zinabadilika sana. Desemba mjini London, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huangukia ndani ya takriban saa nne, na ukitoka matembezini ujue utasalia wapi. Juni, Isha inachelewa mno na Alfajiri inaingia mapema mno, kiasi kwamba usingizi kati yake ni mfupi. Misikiti ya huko hutoa ratiba yake. Fuateni ya msikiti wa karibu na mwenyeji.

Siku za giza zina dawa yake: majumba ya makumbusho. London, British Museum na Natural History Museum hazina kiingilio. Berlin kuna Museum für Naturkunde, na hapo mtoto wa Lindi asikose kufika. Mifupa ya dinosaria Giraffatitan iliyosimamishwa ukumbini, yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ilichimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wa kwetu ndio walioibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mwoneshe mtoto ramani ya Tendaguru kabla hajaondoka, aende akijua anakwenda kuona kitu cha nyumbani kwao.

Tiketi na sikukuu

Kiti kigumu kupata ni cha upande ambao wengi wanakwenda. Kati ya Desemba 15 na 24, ndege zinazokuja Dar zimejaa watalii wa Zanzibar na Watanzania wanaorudi nyumbani. Ninyi mnakwenda kinyume chao, na hiyo ni nafuu, mradi msipange kurudi siku hizo. Juni ni kinyume: mkirudi mwanzoni mwa Julai mnapanda pamoja na watalii wa msimu mkubwa, hivyo kateni mapema na msiache tarehe ya kurudi wazi.

Kutoka Dar kuna KLM hadi Amsterdam, na njia za kuunganisha kupitia Istanbul, Doha, Dubai, Addis Ababa, Cairo au Nairobi. Chukueni tiketi moja hadi mwisho wa safari. Tiketi mbili tofauti zinawalazimu kutoka nje kuchukua mizigo kwenye mji mnaobadilishia ndege, na hapo mnaweza kudaiwa viza ya pili. Wakati wa kurudi, kusubiri zaidi ya saa 12 Addis Ababa au Nairobi kunaweza kufanya mdaiwe kadi ya homa ya manjano mkiingia Tanzania. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla.

Msitue London Desemba 25: siku hiyo treni za chini ya ardhi, mabasi ya jiji na reli hazifanyi kazi kabisa. Ujerumani maduka hufungwa mapema Desemba 24, hayafunguliwi 25 na 26, na Jumapili ni hivyohivyo mwaka mzima. Mgeni asiyejua hujikuta hana maziwa ya mtoto kwa siku mbili na nusu.

Zawadi na afya

Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu. Desemba ni msimu wa maembe na mkono utawasha kuyafunga. Embe bila cheti cha afya ya mimea litatupwa uwanjani, na ming'oko mibichi pia. Nazi, ndizi na nanasi zinaruhusiwa bila cheti hicho. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, ila mfungeni kwenye tabaka tatu za plastiki. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazina tatizo, na ndizo ndugu anazozitaka.

Mtoto akipata homa huko, daktari atafikiria mafua kwanza, hasa Desemba ambapo kila mtu anakohoa. Mwambieni mara moja kwamba mmetoka eneo lenye malaria, na ombeni kipimo siku hiyohiyo. Katika hospitali za England, kupima na kutibu malaria hakulipishwi hata kwa mgeni.

Barabara ya Dar

Mtwara hadi Dar ni kama kilometa 560, Lindi ni kama 450. Basi linachukua siku nzima, ndege ni saa moja na kidogo. Lakini tiketi ya ndege ya ndani, ikinunuliwa peke yake, kwa kawaida inaruhusu mzigo mdogo kuliko ya kimataifa, na kilo za ziada za watu wanne zinauma. Suluhisho la wengi ni baba kutangulia na mabegi kwa basi, mama na watoto wakafuata kwa ndege.

Juni barabara ni kavu, na siku moja ya akiba Dar inatosha. Mkienda Desemba mtarudi Januari, mvua za kusini zikiwa zimeanza, na eneo la Somanga limeshakatika zaidi ya mara moja, ikiwemo baada ya kimbunga Hidaya Mei 2024. Pangeni kutua Dar angalau siku 4 kabla ya shule kufunguliwa, na ulizeni hali ya barabara kwa watu wa Nangurukuru au Kibiti kabla ya kukata tiketi ya basi.